Mustang P-51: bodi nzuri iliyokaa karibu miaka miwili ikisubiri injini

Wengi wanaijua P-51 Mustang kama ndege iliyowasindikiza warusha mabomu wa Marekani mpaka Berlin, na stori huwa inaanzia hapohapo. Mimi kazi yangu ni injini za pistoni za ndege ndogo, na kwangu utamu wa stori uko nyuma kidogo, kile kipindi ambacho Mustang ilikuwa na bodi safi kuliko karibu kila ndege ya kivita ya wakati ule lakini ukiipandisha juu inakosa pumzi.

Tuanze 1940. Uingereza iko vitani na ndege hazitoshi, tume yake ya manunuzi ikaenda kwa North American Aviation pale Inglewood, California, ikawaomba wawatengenezee P-40 za kampuni ya Curtiss. Bosi wao, Kindelberger, akawaambia hapana, tuachieni tuwaundie ya kwetu, injini ileile ya Allison lakini ndege bora zaidi. Kazi akapewa Edgar Schmued, mzaliwa wa Ujerumani aliyepitia Brazil kabla ya kuhamia Marekani, na ndani ya siku 102 toka mkataba usainiwe bodi ikasukumwa nje ya karakana, haina injini kwa sababu Allison ilikuwa bado haijaletwa, na magurudumu yameazimwa kwenye ndege ya mafunzo. Tarehe 26 Oktoba 1940 ikaruka. Mwezi uliofuata rubani mwingine akasahau kubadilisha tangi, injini ikazima angani, akatua kwenye shamba lililolimwa na ndege ikalala chali, ila rubani akatoka mzima na mradi haukusimama.

Sasa hiyo bodi. Bawa la Mustang sehemu yake nene ilisogezwa nyuma kuliko mabawa ya kawaida, ili upepo uteleze kwa utulivu umbali mrefu zaidi kabla haujaanza kuvurugika, na kiwandani walikuwa wanapaka puti kwenye maungio ya mabati na kwenye ribiti halafu wanapiga msasa mpaka panakuwa laini. Ukweli ni kwamba vumbi, wadudu na mikwaruzo ya kazi vinapunguza sana faida hiyo, lakini bawa lilibaki zuri hasa ndege ikiwa kwenye kasi kubwa.

Kinachonifurahisha zaidi mimi ni rejeta. Iko tumboni, nyuma ya rubani, ndani ya njia maalum ya hewa. Hewa inaingia mdomoni, njia inapanuka kwa hiyo hewa inapunguza kasi, inapita kwenye rejeta taratibu, inachukua joto na kutanuka, halafu inatokea nyuma kwenye tundu jembamba kwa kasi kubwa. Ile hewa ya moto inaisukuma ndege kidogo mbele na kufidia sehemu kubwa ya ukinzani ambao rejeta ingeleta. Mlango wa tundu la nyuma unafunguka na kufunga kulingana na joto la injini. Kanuni yenyewe ilishaelezwa na Mwingereza Meredith miaka ya 1930, ila wachache waliitumia vizuri kama hawa.

Pamoja na yote hayo, mwaka 1942 Waingereza waliipa Mustang kazi za chini chini, kupiga picha na kushambulia treni. Kwa nini? Hewa. Mtu yeyote aliyerusha Cessna ya kawaida kutoka Arusha, futi 4,500 hivi juu ya usawa wa bahari, anajua injini haivuti kama ikiwa Dar, maana inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Allison ilikuwa na supachaja, yaani feni inayobana hewa kabla haijaingia kwenye injini, lakini ya hatua moja (feni moja) na yenye kasi moja, kwa hiyo ukivuka futi 15,000 nguvu inaanza kuisha kabisa, na vita vya angani Ulaya vilikuwa vinapiganwa futi 25,000 na zaidi.

Aprili 1942 rubani wa majaribio wa Rolls-Royce, Ronald Harker, akaijaribu Mustang pale Duxford, Uingereza, akashuka akasema hii ndege ikifungwa Merlin 61, injini ya Rolls-Royce, itakuwa kitu kingine. Mhandisi wao Mpolandi, Witold Challier, akapiga hesabu akapata maili 441 kwa saa. Merlin ni lita 27, Allison ni lita 28, yaani injini ndogo kidogo ndiyo iliyoikomboa ndege, maana siri ilikuwa kwenye supachaja, feni mbili kwenye shafti moja, ya kwanza inabana hewa na ya pili inaibana tena, baada ya hapo inapita kwenye intakula, yaani kipoza hewa, ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda, na gia mbili zinazobadilika zenyewe kufuata urefu wa angani. Oktoba 1942 ndege ya majaribio ikaruka Hucknall, Uingereza, na Novemba ikafuata ile ya Marekani ikiwa na Merlin zilizoundwa na Packard kule Detroit, na P-51B, toleo lenye Merlin, ikagusa maili 440 hivi kwa saa. Spitfire IX, ndege ya kivita ya Waingereza, ilikuwa na Merlin ya familia hiyohiyo lakini Mustang iliiacha kwa karibu maili 30 kwa saa, na hapo ndipo unaona kazi ya Schmued.

Bado umbali. Tarehe 14 Oktoba 1943 Wamarekani walipoteza ndege 60 za mabomu aina ya B-17 kwa siku moja wakishambulia Schweinfurt, Ujerumani, kwa sababu ndege za kuwasindikiza ziliishiwa uwezo wa kwenda nao zikarudi njiani. Jibu likawa tangi la galoni 85 nyuma ya kiti cha rubani, pamoja na matangi ya kudondosha chini ya mabawa, mengine yakitengenezwa Uingereza kwa karatasi ngumu iliyoshindiliwa gundi, na hayo yalijazwa muda mfupi kabla ya kuruka maana hayakai na mafuta muda mrefu. Lile tangi la nyuma lilikuwa hatari kweli, likijaa uzito unarudi nyuma na ndege inakuwa haitulii, ukikata kona kwa nguvu usukani unaweza kuzidi kujivuta wenyewe kuelekea kwako. Ndiyo maana marubani walitakiwa wachome mafuta ya humo mapema, yabaki kidogo, ndipo wahamie kwenye ya kudondosha. Machi 1944 Mustang zilikuwa juu ya Berlin.

P-51D ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote, yenye kioo cha mviringo na bunduki sita badala ya nne za P-51B. Ili rubani aone nyuma, mgongo wa ndege ulikatwa ukashushwa, na ndege ikapoteza uthabiti, mkia ukawa unayumba, kwa hiyo wakaongeza kipande kidogo cha bati mbele ya mkia wima. Kwenye picha kinaonekana kama urembo tu, lakini D za mwanzo zilitoka kiwandani bila hicho na baadaye ikabidi zifungiwe hukohuko zilikokuwa zinapigana.