Maua mengi, nyuki wengi? Dhana potofu kuhusu kukadiria aina za wadudu

"Penye maua mengi ndipo penye aina nyingi za nyuki." Hii utaisikia hata kwa wafugaji wazoefu, na inaingia akilini. Ila Mlima Kilimanjaro unasema vingine. Watafiti walitega bakuli za rangi zenye maji na tone la sabuni, kuanzia nyika ya chini hadi juu ya mita 4,000. Kadiri walivyopanda, aina za nyuki zilipungua, na kilichoeleza upungufu huo vizuri zaidi ni joto, si wingi wa maua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mtazame nyuki wa asali asubuhi yenye baridi: hutetemesha kwanza misuli ya kifua ajipashe moto, na mwili usipopata joto la kutosha haruki. Chakula kipo, kukifuata hawezi. Hata dundu wanaokula kinyesi, mlimani hapo hapo, hali ya hewa ilitabiri idadi ya aina zao vizuri kuliko wingi wa kinyesi chenyewe. Basi anayekadiria wadudu wa mlimani aanze na kipimajoto.

Wengine huamini kwamba ukikaribia ikweta kila kundi huongezeka aina. Kwa vipepeo na mchwa, ni kweli. Lakini nyuki wana aina nyingi zaidi kwenye nchi kavu zenye jua, kama ukanda wa Mediterania na majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani. Vidukari, hao hao wanaojazana kwenye sukuma wiki, aina zao nyingi ziko kaskazini kwenye baridi.

Na wingi si aina: kundi la nzige milioni moja ni spishi moja tu.

Dhana iliyo hatari zaidi kwangu ni kudhani kwamba tulizonasa ndizo zilizopo. Tuseme umepata aina 60, na kati ya hizo 20 zimenaswa mara moja tu, 10 mara mbili. Kwa kanuni ya mwanatakwimu Anne Chao, unazidisha 20 kwa 20, unagawa kwa mara mbili ya 10, unapata 20 ambazo hukuziona. Pale pana aina zisizopungua 80. Ramani ya aina za wadudu isiyosahihishwa hivyo huonyesha tu walikopita watafiti. Mfano ni Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Kwenye ramani hiyo itaonekana tajiri wa aina kuliko msitu ambao hakuna aliyewahi kutega hata bakuli moja.