Daktari, siku ya kulia ni lini?

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Kijana aliyenusurika ajali ya basi, kikao chetu cha tatu, kakaa kiti cha karibu na mlango kama kawaida yake. Akaniuliza kwa adabu zote: "Daktari, ile siku ya kulia tutaifikia lini?"

Nikajua kaitoa wapi. Ni ile sehemu ya tamthilia ambapo mhusika aliyekaa kimya vipindi thelathini anabanwa na mtu anayempenda, anapasuka, anamwaga yote, anapiga magoti kwenye mvua huku muziki ukipanda. Kesho yake anafungua pazia, anakunywa chai. Kapona! Mwezi huu peke yake ni mteja wa nne kuisubiri mvua hiyo, na wawili kati yao walishataka kuacha tiba kwa kuwa "bado sijalia, nadhani hainifai".

Tamthilia na filamu zimetufundisha dhana nyingi kuhusu kiwewe, lile jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha. Kwa hiyo tuanze na hiyo: "Ukilitoa lote kwa mara moja, unapona."

Hapana. Kulia hakukatazwi, na wapo wanaotoka kwangu wamelia na wakalala vizuri usiku ule. Lakini kiwewe si jipu kwamba ukilipasua usaha unatoka basi. Ubongo umejifunza kwamba basi ni kifo, na kujifunza kinyume chake kunataka marudio. Hofu ya zamani haifutiki. Kinachofanyika ni kujenga funzo jipya kando yake mpaka lipate nguvu ya kutangulia. Ndiyo maana tiba ya kukabili kumbukumbu, aliyoiasisi Edna Foa, huchukua kwa kawaida vikao 8 hadi 15, vingi vya dakika 90. Mteja anafumba macho, anasimulia tukio kana kwamba linatokea sasa hivi, anarudia tena na tena, tunarekodi, anakwenda kusikiliza nyumbani kila siku. Unajua dalili ninayoipenda kuliko zote? Siku mteja anaponiambia, "Daktari, hadithi hii imenichosha." Hakuna mtu angelipia tiketi kuitazama sehemu hiyo. Mimi ndiyo ninayoingojea.

Mfano wa karibu na kwetu. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa Uganda. Waliopata tiba ya masimulizi, vikao vinne, ni 29% tu waliokuwa bado na ugonjwa wa kiwewe baada ya mwaka mmoja. Waliopata ushauri nasaha wa kawaida walikuwa 79%. Vikao vinne ni vichache, nakubali, lakini angalia kinachofanyika ndani yake. Katika tiba hiyo kamba hutandazwa sakafuni iwe maisha ya mtu tangu kuzaliwa, ua likawekwa penye jema, jiwe penye baya. Kisha anaipita kamba kwa mpangilio: tulikuwa wapi, mwaka gani, mvua au kiangazi, nilisikia nini, mwili ulifanya nini. Mtabibu anaandika na kikao kinachofuata anamsomea, mteja anasahihisha, wanaendelea. Hiyo ni kazi ya karani, siyo ya mwigizaji. Na mashariki mwa Kongo, utafiti uliotoka 2013 ulionyesha wanawake waliobakwa wakipata nafuu kubwa kwa kikao kimoja cha peke yao na 11 vya kikundi. Kumi na moja, jamani.

Tena dhana hii ina madhara nje ya chumba changu. Msiba umetokea, moto umeunguza nyumba, na ndugu wanamzunguka aliyenusurika: "Sema, mwanangu, toa yote, usiweke moyoni." Kumkamua mtu masimulizi siku za mwanzo, kwa kikao kimoja, hakuzuii kiwewe; tafiti zimelipima jambo hili na Shirika la Afya Duniani halilipendekezi. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa 2011 una maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Yaani ana blanketi? Amekula? Anajua watoto wake wako wapi? Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, mpe uji.

"Kumbukumbu hurudi kama filamu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho." Laiti! Zinarudi vipande, na mara nyingi si kile unachokidhania. Kijana wangu huyu hana mlio wala kishindo kichwani. Ana harufu ya machungwa. Abiria wa jirani alinunua machungwa yaliyomenywa dirishani, stendi ya mwisho kabla ya ajali. Leo akipita muuza machungwa, mikono inatoka jasho kabla hata hajajua kwa nini. Mwandishi wa tamthilia angempa picha za basi likibingirika.

"Aliyesahau akipigwa tena kichwani atakumbuka." Sinema za zamani za Kihindi zimetufanyia mengi mema, hili si mojawapo. Pigo la pili kichwani ni jeraha la pili kichwani.

"Kila aliyepitia makubwa ameharibika." Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba kama watu 70% duniani hukutana na tukio la kutisha maishani, na ni 5.6% tu kati yao ndio huishia na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo yule shangazi aliyepita vitani na sasa anauza vitumbua huku akicheka huenda hafichi chochote. Muacheni.

"Akilipiza kisasi atalala." Mhusika ndiye hulala, kwa sababu filamu imeisha. Wangu wanarudi Jumatatu.

Nikamjibu kijana kwamba siku ya kulia haipo kwenye ratiba yangu. Ikija, karatasi laini ziko mezani. Kilichopo ni kazi ya nyumbani: Alhamisi aje na chungwa moja, halijamenywa, na asogeze kiti hatua moja kutoka mlangoni. Akauliza kama chungwa lazima alinunue mwenyewe.

Ndiyo, nikamwambia. Alinunue stendi.