Je, Wajua Kwa Nini Majasusi wa Kwenye Tamthilia Huchelewa Kuoana?

Kwenye vibanda vya kuingiza muvi kwenye flashi pale Mtwara mjini, mpenzi wa tamthilia za kijasusi za kuchekesha hakosi lalamiko hili: stelingi na mwenzake wanapendana, kila mtu anaona, hata adui anaona, lakini vipindi ishirini vinapita na hakuna kilichoeleweka.

"Kaka, niruke mpaka sizoni ya ngapi ndiyo wanaoana?" dada mmoja alimuuliza kijana wa kibandani.

"Ukiruka dada'angu utawakuta wameshagombana."

Jibu la mfanyabiashara hilo, maana anataka uchukue sizoni zote. Lakini watunzi wa hizo tamthilia huko Marekani nao wana hesabu kama yake. Kituo cha televisheni huagiza tamthilia msimu mmoja mmoja, na mtunzi akimaliza msimu huu mara nyingi hajui kama ataitwa tena. Mapenzi ambayo hayajaiva ndiyo sababu ya mtazamaji kurudi, kwa hiyo yanatolewa kwa kijiko.

Chukua tamthilia ya Chuck, iliyorushwa na kituo cha NBC kuanzia 2007. Chuck Bartowski ni fundi kompyuta wa duka kubwa la vifaa vya umeme huko Burbank, California. Anafungua barua pepe kutoka kwa rafiki yake wa zamani wa chuo, na siri za serikali zinamwingia kichwani zote. Shirika la ujasusi la CIA linamleta Sarah Walker, na NSA, shirika jingine la usalama, linamleta John Casey, wamlinde. Casey anazuga kuwa muuzaji mwenzake pale dukani. Sarah anazuga kuwa mpenzi wake. Mwaka 2009 tamthilia ilikuwa ukingoni kufutwa, mashabiki wakajipanga kununua mikate ya Subway, mgahawa uliokuwa ukijitangaza kwenye tamthilia hiyo, usiku wa kipindi cha mwisho cha msimu wa pili ili wenye matangazo waone kwamba watazamaji wapo. NBC ikaagiza vipindi 13 vya msimu wa tatu. Basi Chuck na Sarah, baada ya kuletewa kila mmoja mtu wa kando (jambo lililowaudhi sana mashabiki), wakaunganishwa kwenye kipindi cha 13 hasa. Kituo kilikuja kuongeza vingine sita baadaye, lakini siku ya mapenzi ilikuwa imeshapangwa na oda.

Hiyo ni nusu ya jibu. Pesa inaeleza kwa nini mtunzi anataka kuchelewesha, haielezi anawezaje bila mtazamaji kuchoka. Kwenye tamthilia ya kawaida ya mapenzi inabidi atafute mama mkwe mkorofi, ajali, au pacha aliyepotea. Kwenye ya kijasusi hahangaiki, kwa sababu zuga inamfanyia kazi. Sarah akimshika Chuck mkono mbele ya dada yake, Chuck hajui kama ameshikwa na mpenzi au na ofisa wa CIA aliye kazini. Na Sarah naye akitaka kusema ukweli, mwajiri wake hataki.

Siri hiyohiyo ndiyo inayoupa urafiki uzito. Watu wa kusini hapa hatuhitaji maelezo marefu. Aliyetoka jandoni au unyagoni anarudi nyumbani na mambo ambayo mdogo wake, wanayelala naye chumba kimoja, hatakiwi kuyasikia. Mdogo anachokonoa, mkubwa anacheka tu. Morgan Grimes, rafiki wa Chuck tangu utotoni, anafichwa namna hiyo kwa zaidi ya misimu miwili, na wanafanya kazi duka moja! Anapokuja kujua, mwaka 2010, Chuck ameshindwa kazi: zile siri za kichwani zimegoma kutoka. Wamekamatwa na maadui, wamefungwa pamoja, na hapo ndipo Chuck anamfungukia Morgan kwamba bado anampenda Sarah. Akishasema tu, kichwa kinafunguka na maadui wanachezea kichapo. Kwangu hicho ndicho kipindi bora kuliko vyote, na busu halimo.

Uaminifu wa Casey ni wa aina nyingine. Mwanzoni mwa msimu wa pili wakubwa wanamwamuru amuue Chuck, kwa kuwa mashine mpya ya kuhifadhi zile siri iko tayari na kijana hahitajiki tena. Anaingia kwake na bastola mkononi. Kinachomwokoa Chuck ni kwamba ile mashine mpya ilikuwa mtego, ikalipuka. Tamthilia ya kuchekesha, lakini Casey angefyatua.

Sasa wakioana, utamu unaisha? Watunzi wengi huogopa hivyo. Get Smart, tamthilia ya zamani ya kijasusi ya kuchekesha, iliwaoza jasusi Maxwell Smart na mwenzake anayeitwa kwa namba tu, 99, mwaka 1968 na ikafa 1970. Hata hivyo jina halisi la 99 halitajwi kamwe, hata siku ya harusi. Wajanja zaidi walikuwa watunzi wa Scarecrow and Mrs. King ya kituo cha CBS. Amanda King, mama mwenye watoto wawili aliyeachika, aliingia ujasusini 1983 kwa sababu mwanaume asiyemjua alimpa kifurushi stesheni ya treni amkabidhi mtu mwenye kofia nyekundu, na treni ikawa imejaa kofia nyekundu. Msimu wa nne akaolewa na mwanaume huyohuyo, Lee Stetson. Kwa siri. Mama yake mzazi na watoto hawakuambiwa. Tamthilia ikaisha 1987, lakini msimu huo mwigizaji Kate Jackson alikuwa akitibiwa saratani, kwa hiyo kuisingizia ndoa ni uonevu.

Chuck na Sarah waliunganishwa 2010, wakaoana 2011, na tamthilia ikaenda mpaka 27 Januari 2012. Kisha mwishoni kabisa watunzi wakamfutia Sarah kumbukumbu za miaka mitano, mapenzi na ndoa vikiwemo, ili wawili hao waanze tena kama wasiojuana. Hapo mimi siwasamehe, maana walishaonyesha wenyewe kwamba ndoa haikuwaharibia kitu.