Je, wajua kwa nini msitu wa mvua hustawi kwenye udongo usio na rutuba?

Ukiiona miti ya Amazon au ya bonde la Kongo ilivyosongamana, mingine ikipita mita 40, utadhani imesimama juu ya udongo wenye rutuba tele. Mara nyingi sivyo. Mkulima akifyeka na kuchoma, hupata mavuno mazuri misimu miwili mitatu, kisha ardhi inachoka. Mvua ya miaka na miaka imeshasomba madini mengi ya udongo huo. Rutuba ya msitu imo ndani ya viumbe wenyewe, na haitulii mahali pamoja.

Nishati ni habari nyingine. Majani ya juu hunasa mwanga wa jua na kutengeneza sukari, hata sakafuni hufika kama asilimia 1 au 2 tu ya mwanga huo. Kiwavi hula jani, ndege akamla kiwavi, nyoka akamla ndege. Katika kila mlo nishati nyingi huishia kuwa joto, na kwa makadirio ya kawaida ni asilimia 10 hivi tu inayojenga mwili wa mlaji. Ndiyo maana mti mmoja unaweza kujaa viwavi, lakini tai anayewinda tumbili huhitaji eneo kubwa la msitu ili ashibe. Joto likishapotea halirudi. Jua lazima lichomoze tena.

Virutubisho kama fosforasi, naitrojeni na kalsiamu hurudi, na hapa ndipo msitu unaponishangaza zaidi. Majani mengi huanguka bila kuliwa na mnyama yeyote. Funua jani lililolala chini wiki kadhaa: limebaki mishipa tu kama wavu, mchwa na majongoo wamelitafuna, na nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa kila upande. Tazama vizuri utaona pia vijizizi vyembamba vimejipenyeza humo humo. Mti haungoji jani lioze likawe udongo, unalifuata. Kuvu wengine wameungana na mizizi, wanailetea fosforasi nao wanapewa sukari.

Wavu huo wa mizizi na kuvu unabana kweli. Katika utafiti wa Amazon ya Venezuela uliochapishwa mwaka 1978, kalsiamu na fosforasi zilizotiwa alama ya mnururisho ili ziweze kufuatiliwa zilinyunyizwa juu ya tabaka la mizizi. Asilimia 99.9 ilinaswa papo hapo.

Hata hivyo, kidogo huponyoka na kwenda na mito. Kwa upande wa Amazon, fidia hutoka mbali ajabu: bonde la Bodélé nchini Chad, lililokuwa ziwa zamani. Upepo huokota vumbi lake, ambalo kwa sehemu kubwa ni masalia ya mwani wa ziwa hilo, na kulivusha Atlantiki. Makadirio ya setilaiti yaliyotolewa mwaka 2015 yanaonyesha kwamba vumbi la Sahara huiletea Amazon tani 22,000 hivi za fosforasi kila mwaka, karibu sawa na kile kinachosombwa na mvua.