Bunge linapotaka hukumu ya askari ipitiwe upya: maana yake

Askari akifungwa na wengi wakaamini kaonewa, kilio hufika hadi bungeni, na wabunge hudai kesi yake ipitiwe upya. Neno hilo "kupitia" linachanganya watu. Mwenye kupitia hukumu ni mahakama ya rufaa. Bunge lina njia nyingine.

Tazama kesi ya Ignacio Ramos na Jose Compean, walinzi wa mpaka wa Marekani. Februari 2005, karibu na Fabens, Texas, walimfyatulia risasi mtu aliyetelekeza gari lenye shehena ya bangi akakimbilia Mexico. Risasi moja ilimpata. Walisema walidhani ana silaha; upande wa mashtaka ukasema hakuwa nayo, tena wao hawakuwaarifu wakubwa wao kwamba wamefyatua risasi. Aliyepigwa risasi alipewa kinga ya kutoshtakiwa, akaja kutoa ushahidi. Ramos alihukumiwa miaka 11 na siku moja, Compean miaka 12.

Hapa ndipo penye uzito. Miaka 10 katika kila adhabu ilitokana na sheria inayomwadhibu anayefyatua bunduki katika kosa la ukatili, na jaji haruhusiwi kushuka chini ya hapo. Sheria hiyo ilitungwa na Bunge lenyewe kwa ajili ya wahalifu wanaobeba silaha kwa hiari yao. Mlinzi wa mpaka hubeba kwa sababu kazi inamtaka abebe. Siwatetei kwa kunyamaza kwao. Askari aliyefyatua risasi lazima aseme. Lakini kumpima kwa kipimo cha jambazi mwenye bunduki si haki, na waliotunga kipimo hicho ndio waliopaswa kukitazama tena.

Mwaka 2007 mbunge Duncan Hunter alipeleka muswada katika Baraza la Wawakilishi la Marekani ili wawili hao waondolewe hatia. Haukuwa sheria. Katiba ya Marekani imempa rais, si Bunge, mamlaka ya kusamehe makosa ya shirikisho, yaani yale ya sheria za nchi nzima. (Uingereza, ambako Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho, mwaka 2024 lilifuta kwa sheria moja hatia za mamia ya waendesha vituo vya posta waliohukumiwa kimakosa.) Kilichofanya kazi ni kuhoji hadharani: Julai 2007 Seneta Dianne Feinstein aliongoza kikao cha Kamati ya Sheria ya Seneti, mwendesha mashtaka Johnny Sutton akahojiwa, kisha Feinstein na Seneta John Cornyn wakamwandikia rais wakiomba adhabu ipunguzwe.

Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilitengua makosa ya kuvuruga uchunguzi, ikayaacha yale makubwa. Tarehe 19 Januari 2009, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, George W. Bush aliwapunguzia adhabu, wakatoka mwezi uliofuata. Hatia ilibaki, kwa kuwa kupunguziwa adhabu hakugusi hatia. Msamaha kamili waliupata kwa Donald Trump, Desemba 2020.