Sheria za Bao, za Kandanda na za Bunge: Dhana Potofu na Ukweli

Jioni katika mabaraza ya Mji wa Kale, Mombasa, wazee hucheza bao mpaka adhana ya magharibi, na huoni kitabu cha sheria popote. Wapita njia hudhani kwamba mchezo huo hauna sheria bali mazoea tu. Si kweli. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo lake kuu, na kete 22 mkononi ambazo huziingiza mojamoja katika hatua ya kwanza, iitwayo namua. Anayeweza kula, yaani kuziteka kete za mpinzani, hana hiari ya kuacha kula. Niliwahi kumwona kijana mmoja akitaka kuikinga nyumba yake kwa kutia kete pasipo na cha kula, ilhali shimo la kula lilikuwa wazi mbele yake. Mzee aliyekaa pembeni akautua mkono wake juu ya mkono wa kijana, akamwonyesha shimo lile kwa kidole, na kijana akairudisha kete bila ubishi. Kanuni ilikuwapo, na mwenye haki ya kuitamka alijulikana na wote kabla ya mchezo kuanza, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko wino wowote.

Dhana nyingine ni kwamba sheria zikishaandikwa vizuri, mwamuzi hubaki msomaji tu. Soka ina sheria 17, na ya tano humtaka refa aamue kwa kufuata sheria pamoja na moyo wa mchezo. Mashabiki hupiga kelele mara mchezaji anaposimama mahali pa kuotea, ingawa kusimama hapo peke yake si kosa. Refa hulazimika kupima iwapo mchezaji huyo ameingilia mchezo au amemsumbua mpinzani, na kipimo hicho hakuna maandishi yanayoweza kumfanyia. Wala sheria hizo si mali ya FIFA peke yake: hutungwa na IFAB, bodi iliyoundwa mwaka 1886, ambamo FIFA ina kura nne kati ya nane na badiliko huhitaji kura sita.

Katika serikali dhana potofu huleta madhara makubwa zaidi, hasa ile isemayo kwamba utaratibu ni urasimu mtupu na kinachohesabika ni matokeo. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa la Kenya hukiri tangu kanuni ya kwanza kwamba haziwezi kutaja kila jambo, ndiyo maana humpa Spika uamuzi pale zinaponyamaza, akiongozwa na Katiba, desturi na maamuzi yaliyotangulia. Kuhusu kura ya urais, Kifungu cha 140 cha Katiba ya 2010 kinataja Mahakama ya Juu kuwa mwamuzi wa mwisho na kuipa siku 14. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, iliubatilisha uchaguzi wa Agosti bila kumtangaza mshindi mwingine, kwa kuwa namna matokeo yalivyopeperushwa haikufuata Katiba na sheria. Wapigakura, wa Mombasa wakiwamo, wakaitwa tena vituoni tarehe 26 Oktoba.