Vanila ni nini hasa, na ile ya kichupa inatoka wapi

Huku Mombasa wengi wetu vanila tunaijua kwa kile kichupa kidogo cha arki cha kutilia keki na kastadi, na ukimuuliza mtu inatokana na mmea gani atakwambia si ni ile ya dukani. Basi vanila ni tunda la okidi, jamii ya yale maua ya kupambia mahotelini, ila hii inatambaa juu ya miti kama mpilipili manga na inazaa maganda marefu membamba ya kijani, ndani mbegu nyeusi ndogo kabisa. Vile vidoa vyeusi kwenye aiskrimu ya bei ndio hizo mbegu.

Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Waazteki walikuwa wanaitia kwa kinywaji cha kakao, Wahispania wakaipeleka Ulaya karne ya 16, na hapo ndio shida ikaanza: ukiupanda mbali na kwao mmea unastawi, unachanua, lakini hauzai, manake wadudu wa kwao wa kuuchavusha hawapo. Ndani ya ua kuna kiwambo kinachotenga upande wa kiume na wa kike, alafu ua lenyewe linafunguka asubuhi moja tu, ikipita basi. Mwaka 1836 Charles Morren alifaulu kulichavusha kwa mkono kule Ubelgiji, ila njia iliyofaa mashambani ilitoka kwa mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, aliinua kile kiwambo kwa kijiti na kubandika chavua kwa kidole gumba. Mpaka leo ni hivo hivo, ua kwa ua, kuanzia Madagaska inayoongoza duniani mpaka Uganda na Bukoba.

Na ukivuna bado kazi, manake ganda bichi halinukii. Linakaa mtini kama miezi 9, kisha linachovywa maji moto, linafungwa kwa blanketi litoe jasho, linaanikwa jua kidogo kila siku kwa wiki kadhaa, linahifadhiwa sandukuni miezi mingine, hapo ndio linakuwa jeusi lenye mafuta na harufu inatoka. Kilo 5 au 6 mbichi zinabaki kama 1. Ukitoa zafarani hakuna kiungo ghali kuishinda.

Sasa kile kichupa. Harufu kubwa ya vanila ni ya kitu kinaitwa vanilini, na wakemia Wajerumani walishajua kukitengeneza tangu 1874. Kuna wakati ilikuwa inatolewa kwa mafuta ya karafuu (eti karafuu!), baadae kwa mabaki ya mbao za viwanda vya karatasi, siku hizi nyingi ni kemikali za mafuta ya petroli. Usiogope, vanilini ni ile ile, ila ganda la kweli lina vitu vingine chungu nzima vinavyoipa ladha uzito.

Mimi naona keki ya Idi inayookwa moto mkali tia ya kichupa tu, hakuna atakayejua. Ganda la kweli liwekee vitu vya maziwa, kastadi au faluda, unalipasua, unakwangua mbegu, unachemsha zote pamoja. Ganda likibaki lioshe, likauke, lifukie kwa kopo la sukari. Kwa mahamri usijaribu, iliki na tui zinatosha.